Mbeyu, Mke wa Mzee Ngala

Dama ni jirani yangu hapa Chaani, kati ya nyumba yake na yangu ni bati moja tu. Asubuhi huuza mbaazi na mahamri, na mgongoni hubeba binti yake Mbeyu, msichana aliyekwisha kurefuka mpaka miguu inaning'inia nje ya leso. Mbeyu hatembei, hasemi, na shingo haimtii. Alichelewa kulia alipozaliwa. Madaktari walimwambia Dama mapema kwamba mtoto haelewi lolote, asijisumbue kumsemesha.

Mzee Ngala, baba mkwe wake, naye aliambiwa hayo, lakini nadhani hakusikiliza. Mtoto alirithi jina la marehemu mkewe, na kwetu Wagiriama babu humtania mjukuu kama huyo kuwa ni mkewe. Basi kila alasiri akirudi kutoka lindoni, hugonga bati kwa bakora.

"Mke wangu Mbeyu! Umenipikia nini?"

Mtoto hucheka mwili mzima mpaka mkeka unasogea.

"Hujapika? Haya, naenda Magongo kuoa mwingine."

Hapo midomo hufura. Hufura kweli, nimeona mwenyewe.

Mwaka huu mvua zilipoanza, Ngala akafa. Maiti ikapelekwa kwao Kaloleni. Tinga, mume wa Dama, akasema, "Mtoto tumwache kwa jirani. Njia ni matope, na yeye haelewi." Dama akakubali. Yeye anayebishana na kila mwenye koti jeupe, siku hiyo akakubali.

Kule matangani wajukuu walivaa kofia ya babu yao wakaiga kikohozi chake, kama ilivyo ada, watu wakacheka huku wanalia. Shangazi mmoja akauliza kwa utani, "Na mke wa marehemu yuko wapi? Amekwisha pata mwingine?" Dama aliniambia hakujua aweke wapi uso.

Waliporudi, mtoto hakuwa yule. Ikifika alasiri hukaza macho mlangoni, kisha hupiga ukelele mpaka sauti inakauka. Uji anautema. Mbavu zikaanza kuonekana.

Dama akampeleka kliniki pamoja na jirani yetu Mwanarehema, ambaye mwanawe Mansur pia ni mlemavu. Kwenye benchi akina mama walikuwa wakisimuliana.

"Huyu wangu madaktari waliniambia haoni," alisema Mwanarehema. "Na babake akiingia hufumba macho makusudi!"

Benchi zima likacheka. Ndani hakukuwa na kicheko. Daktari Mutua, kijana mpole, alimpima Mbeyu akashusha pumzi.

"Mama, ubongo wake unazidi kudhoofika. Hizi kelele ni ugonjwa. Nitampa dawa ya kumtuliza, alale."

"Daktari, huyu amefiwa."

"Nani amefiwa?"

"Mbeyu. Na hakuna aliyemwambia."

Daktari akamtazama kwa huruma. "Pole kwa msiba, mama. Lakini uliyefiwa ni wewe. Yeye kifo hakijui."

Dawa ya namna hiyo walishawahi kumpa. Alilala hata akasahau kumeza, nusura uji umpalie. Dama aliona akimpa, mtoto atalala na njaa yake mpaka aishe. Asipompa, na ikawa daktari ndiye mwenye haki, ataisha vilevile, na Tinga atasema mama ndiye aliyemuua. Siku hizo Dama naye hakula.

Hakumpa. Alimfunga mgongoni, akachukua bakora ya mzee, akaenda Kaloleni. Mimi, ambaye sina mtu nyumbani wa kunishikilia, nikafuatana nao.

Kaburi lilikuwa bado na udongo mwororo. Dama akamlaza mtoto pale juu, akamkunja vidole kwenye bakora.

"Mbeyu, mumeo yuko hapa. Hakwenda Magongo. Hakuoa mwingine. Amekufa."

Machozi yakamtoka mtoto, bila ukelele hata mmoja, yakamwingia masikioni kwa jinsi alivyolala. Dama hakuyafuta.

Tangu hapo alasiri ni kimya. Uji anameza vijiko vichache. Waliporudi kliniki, daktari alifurahi.

"Naona dawa imemsaidia."

"Sikumpa."

"Basi hutokea. Haya maradhi hupanda na kushuka." Akamwita mgonjwa mwingine.

Juzi roho iliniuma kwa kile kimya. Nikaitoa ile bakora nyuma ya mlango wa Dama, nikagonga bati.

"Mke wangu Mbeyu! Umenipikia nini?"

Akanitazama sana. Kisha akageuza uso ukutani, kwa taabu, maana shingo ile ni kazi kuigeuza.

Mwanarehema alikuwa akianua nguo. "Ebo! Mzee, huna haya? Mjane yuko edani!"

Dama akacheka kidogo, akampangusa mtoto mate. Mbavu bado zaonekana. Nikairudisha bakora ya wenyewe nyuma ya mlango.