Mshono Katika Buti la Gari

Miska Ziyad ana miaka hamsini na sita na ni fundi wa cherehani. Si fundi wa kushona. Kushona anajua, lakini kazi yake ni kuzitengeneza cherehani zenyewe zinapokwama. Kila asubuhi hutoka nyumbani kwake Walthamstow na kigari chake cha kazi, sanduku la bisibisi likiwa nyuma, akazunguka kwenye karakana za nguo na majumba ya maigizo ya London. Alizaliwa Wete, Pemba. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya mamake ili aone uzi wa chini unapandaje juu. Akachapwa, na kesho yake akaifungua tena, kwa sababu mara ya kwanza alikatizwa kabla hajaona. Mpaka leo yuko hivyo hivyo. Mumewe Mwadini, ambaye anahudumia wakongwe katika nyumba ya wazee, husema kwamba ukimpa mkewe chupa mpya ya chai, chai itapoa, maana lazima kwanza ajue ndani ya chupa mna nini.

Mwezi wa Machi, mwaka juzi, alikwenda Queensbury kwa mteja wake wa siku nyingi, Mzee Ramesh, mshona suti mstaafu mwenye miaka themanini na mbili. Mzee Ramesh ni mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake bado kina harufu ya kule. Yeye na mkewe Pushpa walikuwa wanauza nyumba wakahamie Leicester kwa binti yao, Alka. Vitu vingi vilishagawiwa, lakini cherehani moja mzee alitaka kuondoka nayo, na alitaka iondoke ikiwa nzima. Ilikuwa gerejini.

Miska aliitengeneza kwa nusu saa. Muda wote huo jicho lake lilikuwa kwenye kitu kirefu kilichofunikwa kwa mashuka manne yaliyoungwa pamoja.

"Mzee, hapo chini pana nini?"

Mzee Ramesh akafunua upande mmoja. Lilikuwa gari la Kimarekani, Mercury Cougar la mwaka 1968, milango miwili tu, rangi ya damu ya mzee iliyofifia, pua ndefu kuliko kitanda. Alilinunua mwaka 1988 kwa askari wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao. Miska alilizunguka mara moja, akasimama mbele yake, akainama.

"Taa zake ziko wapi?"

"Zimelala," mzee akasema, akacheka. Akamweleza kwamba taa za mbele zilijificha nyuma ya vifuniko, na ukiziwasha vifuniko hufunguka kama kope. Na za nyuma zilikuwa na mambo yake: ukionyesha unakata kona, haziwaki zote kwa pamoja, zinafuatana, moja, mbili, tatu, kuelekea upande unaokwenda. Au ndivyo zilivyokuwa. Mwaka 1994 taa za nyuma zilikufa. Gari likakataliwa kwenye ukaguzi wa mwaka, karakana mbili zikashindwa kuona tatizo, na mzee, ambaye hajawahi kuendesha gari bila cheti, akalifunika. Tangu siku hiyo hakuliendesha tena, ila kila Jumapili alilifuta vumbi.

Sasa walikuwa wamekuja watu wawili wakitaka injini tu. Bodi, walisema, ingekatwa ikauzwe chuma chakavu. Mzee hakulala vizuri tangu waje. Miska alipomuuliza swali la saba au la nane kuhusu zile taa, mzee akamwambia alichukue yeye. Pesa hakutaka. Alitaka lisikatwe, na alitaka kuambiwa siku litakapojulikana liliugua nini.

Lilifika Walthamstow juu ya lori. Mwadini alitoka na kanzu yake, akalizunguka mara mbili, akasema kwamba ni refu kuliko sebule yao. Kwa wiki nzima alipika yeye, na Miska anamjua mumewe: akipika bila kuombwa, anawaza. Binti yao Nasim, aliyezaliwa hapa London na anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, alimuuliza mamake kama amepatwa na kichaa cha utu uzima. Miska alimjibu kwamba huenda.

Gereji yao iko nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro. Gari liliingia lote isipokuwa pua, kwa hiyo mlango haukufungika mpaka Mwadini alipouongezea kibanda cha mbao kwa mbele. Hapo ndipo Miska alipojua kuwa amekubali.

Alifanya kazi Jumamosi na siku za mapumziko. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona saruji chini; akajiandikisha darasa la jioni la kuchomelea, akiwa mwanamke pekee na mtu mzima kuliko wote, akajifunza kuunganisha bati na bati kama anavyounganisha kitambaa, kwa vipande vifupi, ili lisijikunje kwa moto. Kabureta ilikuwa imeganda. Aliifungua juu ya meza ya jikoni, vipande sitini na kitu, akavipanga juu ya gazeti kwa mpangilio aliovitoa. Alipokwangua rangi akakuta chini yake rangi nyingine, ya kijani, na chini ya kijani ile ile ya damu ya mzee. Kuna mtu aliyeligeuza gari rangi, na mwingine aliyejuta. Hilo lilimfurahisha siku nzima.

Mwezi wa Novemba injini iliwaka. Silinda nane, na mngurumo uliotikisa vikombe kabatini kwa jirani. Mwadini alitoka jikoni na kijiko mkononi. Akasimama, akasikiliza, akauliza kama linaweza kupunguza sauti. Miska akamwambia haliwezi. "Basi," akasema, na akabaki pale pale.

Vifuniko vya taa za mbele havikumsumbua. Vinavutwa kwa hewa inayonyonywa na injini kupitia mipira myembamba, na mipira ilikuwa imepasuka. Akaweka mipya, kope zikafunguka. Zikabaki taa za nyuma.

Alianza na kile kilichomvutia zaidi. Ndani ya buti, pembeni, palikuwa na kiboksi cha chuma. Alipokifungua alicheka peke yake. Mlikuwa na kimota kidogo, na juu ya mhimili wake magurudumu matatu yenye nundu. Kila nundu ikipita, taa moja inawaka. Ndio ufundi ule ule unaoisukuma sindano ya cherehani kulia na kushoto inaposhona zigizaga. Miaka ishirini na zaidi alikuwa anasafisha nundu kama zile. Akazisafisha, akatia mafuta, akaunganisha kimota na betri moja kwa moja. Kikazunguka vizuri, bila kukwama.

Kwa hiyo ugonjwa haukuwa hapo. Umeme ulikuwa unafika chini ya kiti cha nyuma, lakini haukufika kwenye buti. Kati ya sehemu hizo mbili palikuwa na ukuta mwembamba uliofunikwa kitambaa kizito cha kijivu. Kitambaa hicho Mzee Ramesh alikiweka mwenyewe, na kilikaa kama suti mwilini. Fundi gani wa magari angekuwa na moyo wa kukichana? Miska naye hakukichana. Alikimulika kwa tochi akitafuta mshono wa kuufumua taratibu.

Mshono wote ulikuwa wa mashine, sawasawa, isipokuwa mahali pamoja chini kushoto, kama urefu wa kiganja. Hapo ulikuwa wa mkono. Ulikuwa mzuri sana, mtu mwingine asingeuona, ila uzi ulikuwa mweusi zaidi ya ule mwingine na kila mchomo wa sindano ulivutwa kidogo kuelekea kushoto. Aliyeshona alitumia mkono wa kushoto. Mzee Ramesh anatumia wa kulia.

Akaufumua. Nyuma yake waya nne zilikuwa zimekatwa. Hazikuungua wala kuliwa na panya. Zilikatwa, na ncha za mpira wake zilikuwa na meno meno, kama ukingo wa kitambaa kilichopitishwa makasi ya meno ambayo mafundi hutumia ili nguo isifumuke.

Miska alikaa chini kwenye saruji. Kwa muda mrefu wa maisha yake aliamini kwamba kila kitu kilichofungwa kina haki ya kufunguliwa. Sasa alikuwa amefungua kitu na hakujua kama kilikuwa chake. Alimwambia Mwadini jioni ile. Mwadini aliwaza, akasema kuna nyumba moja tu yenye makasi yale na mtu wa mkono wa kushoto, na akamshauri asiende mzee akiwepo.

Miska alikwenda Queensbury siku ya Jumatano, mzee akiwa hospitali kwa macho yake. Pushpa alimkaribisha jikoni, akamkaangia vibibi, vichapati vya unga wa dengu, akamimina chai, birika likiwa mkono wa kushoto. Ana miaka sabini na tisa, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Miska alizunguka maneno mara mbili, akashindwa, akaweka kipande cha waya juu ya meza.

Pushpa alikitazama. Hakukigusa.

"Umeukuta," akasema.

"Nimeukuta, Mama Alka. Sijamwambia mtu ila mume wangu."

Pushpa akaeleza, polepole, akichanganya Kiswahili na Kigujarati kidogo. Miaka ile mumewe alikuwa anashona hadi alfajiri, siku sita kwa wiki, na Jumapili lazima atoe gari. Siku moja barabara kuu, wakirudi kutoka Brighton, alisinzia. Alka alikuwa na miaka kumi, amelala kiti cha nyuma. Gari likahama njia, lori likapiga honi, Pushpa akavuta usukani. Mumewe alisema alipepesa macho tu. Pushpa alimwomba apumzike Jumapili; akakubali, na Jumapili ikaja akawasha gari. Alimwomba mara tatu. Akasinzia tena, safari hii bila lori, wakaishia kwenye majani.

"Angeniambia yuko macho mpaka siku ya kutuzika," akasema. "Ningekata injini, lakini injini siijui. Kitambaa nakijua."

Miska alimuuliza kwa nini hakumwambia baadaye, alipostaafu, alipokuwa hakeshi tena akishona.

"Nilimwona anavyolifuta vumbi. Kila Jumapili nilisema, Jumapili ijayo."

Miska alimwambia kwamba yeye hatasema. Si lake kusema. Lakini mzee humpigia simu kila Ijumaa kumuuliza ameona nini, na akimuuliza ana kwa ana hataweza kumwambia kuwa waya zilijikata. Pushpa alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Miska aliondoka pale na vibibi ndani ya mfuko.

Ijumaa simu haikulia. Ijumaa ya pili pia. Miska aliunganisha waya, taa zikafuatana moja, mbili, tatu, na hakuona furaha yoyote. Akaendelea na kazi iliyobaki, kwa sababu mikono yake haijui kukaa. Taa zile zilikuwa nyekundu, na kwa gari la umri ule sheria ya huku inataka taa za kukata kona ziwe za rangi ya chungwa. Akatenganisha taa za breki na za kona, akatia balbu mpya nyuma ya vioo vya rangi ya chungwa, akatengeneza kwa mkono mabano ya kuzishika, na kimota cha nundu akakiacha kilekile cha zamani kifanye kazi yake.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, teksi ilisimama kichochoroni. Mzee Ramesh alishuka na fimbo yake, Pushpa akashuka upande wa pili. Hawakushikana mikono. Mzee alimsalimu Miska, akaomba aonyeshwe ule mshono. Miska alikuwa bado hajaushona, kitambaa kilining'inia. Mzee akainama ndani ya buti, akapitisha kidole kwenye matundu ya sindano, akakaa hivyo mpaka Miska akadhani ameshikwa na mgongo.

"Aliponiambia, wiki mbili sikuongea naye," akasema bila kugeuka. "Miaka hamsini na tano ya ndoa, sijawahi. Halafu Alka akapiga simu. Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu gari. Akasema anakumbuka mama yake anapiga kelele."

Pushpa alikuwa anatazama magurudumu.

"Mimi nilikumbuka taa tu," mzee akasema.

Akainuka kwa shida. Akamgeukia mkewe na kumwambia kitu kwa Kigujarati, kifupi, ambacho Miska hakukielewa na, kwa mara ya kwanza, hakuuliza. Pushpa aliufuta uso wake kwa ncha ya sari, kisha akaomba sindano. Mwadini ndiye aliyekimbilia ndani kuileta, na kiti. Pushpa alikirudisha kile kitambaa mwenyewe, na mzee akimshikia tochi, akimwambia asivute sana kushoto.

Mwezi wa Mei nyumba ya Queensbury iliuzwa. Mizigo ilitangulia kwa lori, na Miska akawapeleka wenyewe Leicester kwa Cougar, kwa mwendo wa upole, kwenye njia ya magari ya mizigo. Usukani wa gari lile uko kushoto, kwa hiyo Mzee Ramesh alikaa kulia, mahali ambapo Uingereza hukaa dereva, na watoto kwenye magari mengine walimshangaa mzee asiye na usukani. Pushpa alikaa nyuma na Mwadini, wakila vitafunio na kuzungumza habari za wagonjwa. Kabla ya Northampton mzee alilala fofofo, mdomo wazi. Pushpa aliinama mbele, akamtazama, akamwambia Miska asipunguze mwendo.

Gari liko Walthamstow. Wakati wa kurudi Miska alisikia kamlio kembamba linapobadilisha gia, kanakuja na kutoweka. Mwadini alisema hakusikia kitu. Jumamosi iliyofuata giaboksi ilikuwa chini, imefunguliwa, na vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti.