Samaki wa Kumi na Tatu

Barua ilisema usaili ungefanyika Kitwe, siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, na kwamba kampuni ilitaka vijana wawili tu wa kufundishwa kuandika programu za kompyuta kwa miezi sita. Mwaka elfu mbili ulikuwa unakaribia, na watu wa maofisini waliogopa kompyuta zao zingechanganya tarehe. Ndiyo maana walikubali hata maombi ya sisi tuliomaliza sekondari tu.

Mimi nilikuwa Nchelenge, kwa wavuvi wa kando ya ziwa, na kompyuta nilikuwa nimeigusa mara tatu, katika ofisi ya misheni, huku sista akisimama nyuma yangu muda wote. Aliniazima kitabu kimoja cha programu, chenye jalada lililoliwa na mchwa, na kitabu hicho ndicho kilichonipa ujasiri wa kuomba.

Nyumbani tulikuwa tumepatana. Baba alinipa jaribio moja. Nikikosa, ningeingia kwenye boti ya kaka yangu mkubwa kule Kabuta, kuvuta nyavu. Hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo isipokuwa mimi, ninayetapika hata ziwa likiwa limetulia kama maji ya beseni.

"Utazoea," kaka aliniambia. "Na samaki nao wanahitaji chakula."

Nilikuwa na majuma mawili. Kitabu kilishauri kwamba mtu asiye na mashine ampe mwenzake maagizo, na huyo mwenzake ayafuate neno kwa neno bila kutumia akili yake. Niliyempata ni tantini, mdogo wake mama, aliyetoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kuuza samaki wakavu sokoni. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, nilikaa kando ya meza yake na daftari langu.

"Bon, mi ndiyo mashini," alisema siku ya kwanza, akijifunga kitenge upya. "Sema."

"Chukua samaki mmoja kwenye kapu."

Akachukua. Akabaki amemshika juu, mkono umenyooka, macho yake yakiwa barabarani.

"Muweke kwenye meza, tantini."

"Ah! Haukusema kuweka. Mashini haina akili, ni weye ulisema vile."

Jirani yake, mama wa Kibemba aliyeuza chumvi, aliuliza kama tantini ameanza kuugua.

"Niko kompyuta," tantini akamjibu. "Usinisemeshe, utaniharibu."

Alinitesa vizuri. Niliposahau kusema kapu likiisha ifanyike nini, aliendelea kuchota hewa na kuiweka mezani mpaka soko lote likacheka. Mwisho wa juma la pili nilikuwa na maagizo yanayojaa ukurasa: hesabu samaki mpaka dazeni, funga fungu, anza jingine, kapu likiisha simama. Tuliyajaribu mara nyingi na kila mara mafungu yalitoka sawasawa. Nilifunga daftari nikiwa na imani.

Nilipanda basi mpaka Mansa, nikavuka Luapula kwa kivuko, nikameza vumbi la ile njia inayokata ardhi ya Kongo, nikafika Kitwe siku moja kabla. Ijumaa korido ilijaa vijana wenye mashati yaliyonyooshwa kuliko langu.

Ndani walikaa mwanamume mwenye tai na mwanamke mwenye miwani. Swali lilikuwa hili: ghala lina chupa, kila sanduku linaingia chupa kumi na mbili, andika hatua za kujaza masanduku mpaka chupa ziishe. Nikaona ni samaki wangu walewale. Niliandika haraka, nikasukuma karatasi mbele, nikijizuia kutabasamu.

Mwanamume alifuata mistari kwa ncha ya kalamu, akihesabu kwa midomo. Akarudia.

"Sanduku lako linapata chupa kumi na tatu."

"Ndiyo, bwana."

"Na linaingia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa hii ya kumi na tatu ni ya nani?"

"Ya mteja," nikasema, na hapo hapo nikashtukia nilichosema.

Sokoni kwetu anayenunua dazeni huongezewa samaki mmoja, mbasela. Asiyeongeza huonekana mchoyo, na mteja harudi. Nilikuwa nimeanza hesabu kwenye sifuri, yaani samaki wa kwanza ni sifuri, na kuikomesha baada ya kumi na mbili, na kwa kuwa fungu lililotoka lilikuwa la kawaida machoni petu, mimi na tantini hatukushtuka hata mara moja. Niliwaeleza hayo. Mwanamume akageuza uso kuficha kicheko, lakini mimi tayari nilikuwa naiona boti ya kaka.

"Kosa liko mstari gani?" mwanamke akauliza.

Nilishuka mistari kwa kidole, nikijifanya sina akili, kama nilivyofundishwa. Nikafuta sifuri, nikaandika moja. Kisha nikachukua penseli za mezani pao, bila kuomba ruhusa, nikazihesabu mbele yao moja moja mpaka zikaisha kabla ya sanduku kujaa.

"Hapo je?" mwanamume akauliza.

"Mstari wa saba, bwana. Zikiisha, simama."

Tulingoja kwenye mabenchi ya nje mpaka mchana. Tangu wakati ule nimefanya kazi katika miji mingi, na karibu yote niliiaga kabla haijanizoea, lakini sijawahi tena kukaa mahali nikitamani hivyo kubaki. Mwanamke mwenye miwani alitoka na karatasi, akasoma majina mawili. La pili lilikuwa langu.

"Mtaanza Jumatatu, saa mbili," akasema.

Nilisimama, nikamsogelea.

"Siku gani, mama?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.