Waliiba picha yangu wakaiweka kwenye kalenda, na mimi nikaogopa kusema ni yangu

Wakuu, salamu kwenu, hasa nyinyi wapiga picha wa siku hizi mnaolia kila asubuhi kwamba picha yenu imeibwa mtandaoni.

Leo niwape yangu. Sitaongeza chumvi, maana mke wangu yuko hapa kando anasoma kila neno, na alikuwepo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja Kitale. Mbele kulikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua, nyuma darkroom, kile chumba cha giza cha kusafishia picha, ambayo nusu yake ilikuwa jikoni.

Nilikuwa na koti moja na tai moja ya kuazima wateja. Ukikusanya picha za wanaume wa Kitale wa miaka ile utadhani ni ndugu waliorithi nguo za baba mmoja.

Siku za soko nilikuwa naenda na kamera Endebess. Huko nikampiga picha mama mmoja wa Myanga, upande wa Bungoma, aliyekuja kumtembelea dada yake. Alikuwa amebeba jogoo.

Mama akasimama wima, uso kaukaza, kama watu walivyopigwa picha enzi zile. Nikainama kupima focus.

Jogoo akachomoka na kunirukia kichwani.

Wakuu, mama alicheka! Meno yote yakaonekana, na mapengo yote. Kidole changu kikabonyeza bila mimi kukiambia.

Picha ilipotoka, jogoo hayumo. Ni mama tu, mikono wazi, kichwa nyuma, manyoya mawili hewani. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, hata leo.

Niliikuza nikaiweka dirishani. Watu walikuwa wanaingia wanasema, "Nataka kucheka kama huyo." Halafu wakikaa mbele ya kamera wananuna.

Copy ya mama ilikuja kuchukuliwa na binti yake, Nanjala, aliyekuwa akiishi kwa mama yake mdogo pale Endebess na kufundisha nasari.

Nilipomwona nikamwambia picha bado haijakauka, arudi kesho.

Picha ile ilichukua wiki tatu kukauka.

Mambo yakaiva, nikaenda na wazee Myanga kuposa. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwa wasiojua: kwetu Bukusu, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwa mahindi. Tangu niende kwao kuposa, mama alikuwa amejua viatu vyangu tu. Kwao walijua nafanya kazi ya picha Kitale, lakini Nanjala hakuthubutu kusema ni mimi niliyempiga mama yake picha.

Na mimi huku Kitale nina uso wa mama mkwe dirishani, mkubwa kama sinia!

Najua mtasema, si ungeutoa? Wakuu, ulikuwa unaleta wateja. Nilichofanya ni kuanza kuingia studio yangu kwa mlango wa nyuma, kwa heshima. Nanjala aliniambia nina wazimu.

Siku moja akaja mteja mtanashati kutoka Bungoma, jina Wekesa. Alisema huyo mama anafanana na shangazi yake marehemu, angependa copy ya ukumbusho. Nikamhurumia. Nikamtengenezea, nikaitia kwenye bahasha, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Kumbe Wekesa ana studio yake Bungoma. Alikata ile kona yenye muhuri wangu, akaipiga picha upya, akampelekea mwenye kinu cha unga aliyekuwa anatafuta picha ya kalenda.

Mwaka mpya ulipofika, mama mkwe alikuwa anacheka katika kila duka la Myanga. Chini imeandikwa: "Picha na Studio ya Wekesa, Bungoma."

Nilikuwa nimeshafunga studio niende nikamkunje, ndipo nikapata ujumbe kutoka kwa baba mdogo wake Nanjala, mzee Barasa, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia posa yetu.

Ujumbe ulisema: yule fundi wa kalenda ameitwa nyumbani Jumamosi ajieleze. Nawe mkwe wetu ni mtu wa picha, njoo utusaidie kumuuliza maswali.

Mnaona mtego huo? Nikisema picha ni yangu, nakiri nimekuwa na mama mkwe uso kwa uso, nikamfuta makunyanzi kwenye filamu kwa penseli siku nzima. Posa imeisha, Nanjala amekwenda. Nikinyamaza, Wekesa anaondoka na picha yangu na jina.

Jumamosi ikafika. Sebuleni mzee Barasa na wazee wawili, Wekesa na tai yake, mimi, na kalenda mezani. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, anasikiliza.

"Wekesa, hii ni kitu gani umereta kwa boma yetu?" mzee Barasa akaanza. "Mama ya watu iko kwa karenda ya unga, na watu wanaitundika karibu na choo!"

"Mzee, hiyo ni sanaa bana. Mimi mwenyewe nirimpiga soko ya Bungoma. Nikamwambia mama cheka kidogo, akacheka."

Mzee akanisukumia kalenda. "Mkwe, angaria vizuri utuambie."

Niliangalia kupitia katikati ya vidole. Wazee wakatikisa vichwa, wakaona kijana ana adabu kweli.

Nanjala alikuwa anaweka vikombe mezani. Akanikanyaga mguu. Maana yake nilielewa: nyamaza tuoane.

Nikanyamaza. Roho iliniuma, wakuu, lakini nikanyamaza.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Hebu muulizeni huyo, siku hiyo mikononi nilikuwa nimebeba nini?"

Wekesa akainama juu ya kalenda. Mikono ya mama iko mitupu.

"Mtoto," akasema. "Arikuwa ameshuka tu."

"Mtoto wa nani?"

"Ama ni sufuria, mama. Siku mingi imepita."

Hapo nilishindwa. Mtu akuibie picha, halafu hata haitazami?

"Sufuria inatoa manyoya?" nikaruka. "Si ni jogoo! Akanirukia kichwa, akanikwaruza hapa, kovu bado iko! Na picha yenyewe iko kwa dirisha yangu Kitale!"

Nikajikuta nimesimama nauonyesha mlango wa jikoni paji la uso wangu.

Mzee Barasa akaweka kikombe chini. Nanjala akafunga macho. Mimi nikajua nimejimaliza kwa mdomo wangu.

Halafu tukasikia kicheko huko jikoni. Kile kile. Hata nikiwa nimefumba macho niliyaona mapengo.

"Kumbe ndiye wewe!" mama akasema. "Nimetafuta kijana wa jogoo miaka mbili nimwambie pole."

Mzee Barasa akataka kuongea mambo ya mila. Mama akamkatiza.

"Siku hiyo hakuwa mkwe, alikuwa mtu wa picha, na mimi ndio nilimwita. Hiyo si makosa yake. Lakini nyinyi wawili mmekaa hapo mnapigania sura, ati yako, ati yangu. Sura ni ya nani? Kuna mtu aliniuliza kama nataka kukaa kwa dirisha ya Kitale? Kuna mtu aliniuliza kama nataka kuuza unga?"

Nilikuwa nimekuja nikilia kuibiwa, nikatoka nimepangwa na mwizi kwenye benchi moja. Niliona aibu kweli.

Hukumu ilikuwa hivi. Wekesa azunguke Myanga yote kuondoa kalenda madukani, moja moja, kwa miguu. Mimi nishushe picha ya dirishani na nilete negative, ile filamu inayotoa picha, akae nayo mwenyewe.

Nilipoipeleka alipokea kwa mkono uliotokea upande wa mlango. Aliiweka kwenye kopo la majani ya chai, na huko ikakaa.

Nanjala nilimpata. Kwenye harusi nilitega kamera yangu mwenyewe tupigwe sote. Nikatuma mtu kwa mama kuomba ruhusa kwanza, na jibu likaja: ruhusa iko, lakini mila ni mila.

Nilichojifunza: dai haki yako, ila kabla ya kupiga kelele kwamba picha ni yako, kumbuka aliyesimama mbele ya kamera. Muulize.

Wapiga picha wa zamani mko wapi? Leteni zenu, na mwenye ile kalenda aseme, nitaikomboa kwa jogoo.

Ile ya harusi ipo hapa sebuleni: mimi na Nanjala tunatabasamu, na katikati yetu mgongo wa mama mkwe. Hiyo, wakuu, hakuna aliyewahi kuiiba.