Mkono wa Inspekta

Babu yangu mzaa mama alikuwa kinyozi, na maisha yake yote ya kazi aliangalia runinga akiwa ameipa mgongo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye mlango wa mbao mbili. Ukuta uliokabili mlango ulichukuliwa wote na kioo kikubwa kilichoanza kuota madoa ya kahawia pembeni, na chini yake palikuwa na rafu ya mikasi, vitana, kopo la poda na chupa ya spiriti. Kiti cha kunyolea kilielekea kioo hicho. Runinga ilitundikwa nyuma kabisa, juu ya mlango. Waliosubiri zamu walikaa kwenye benchi la pembeni na kupinda shingo kuitazama. Aliyekuwa kitini aliiona ndani ya kioo, naye Babu, aliyesimama nyuma ya kiti, aliiona humo humo, juu tu ya kichwa alichokuwa akikishughulikia.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hageuki hata mara moja.

"Kinyozi hageuki, mchumba," alinijibu. "Ukishashika kichwa cha mtu, umeshika kichwa cha mtu. Jicho likipanda kidogo kwenye kioo, sawa. Lakini kugeuka? Hapana."

Alhamisi jioni ilikuwa siku ya Inspekta. Wengi wa wasomaji wangu watakumbuka michezo ya namna ile: mpelelezi mwenye koti refu na kovu shavuni, nyumba kubwa yenye ngazi, na kila wiki maiti mpya. Inspekta wetu alikuwa na desturi moja iliyompendeza sana Babu. Kabla ya kumhoji mtu alichomoa kitana mfukoni, akachana nywele zake taratibu, kisha ndipo akauliza swali la kwanza.

"Mtu nadhifu," Babu alikuwa akisema. "Anaheshimu kazi za watu."

Siku hiyo benchi lilijaa hata wasiokuwa na nywele za kukata. Mama wa duka la jirani alikuja kila Alhamisi kuazima ufagio. Alisimama kando ya benchi ameushika, akakataa kukaa, na hakuondoka mpaka mchezo uishe.

"Mimi hata siangalii," alisema. "Naangalia mapazia yao tu. Hivi nani anafua mapazia marefu hivyo? We! We dada! Usifungue huo mlango! Yumo humo ndani!"

"Mama, si unaangalia mapazia?"

"Niache mie. Ona sasa, amefungua. Watu wengine hawasikii!"

Fundi viatu naye alikuwa na kazi ya kumtaja muuaji, na kila wiki alikosea.

"Ni mpishi," alitangaza safari moja. "Mwangalieni anavyokata karoti. Yule si mtu mzuri."

Wiki iliyofuata mpishi akakutwa stoo, amekufa.

"Si niliwaambia anahusika?"

"Kuuawa nako ni kuhusika?" dereva wa lori alimuuliza, na benchi zima likaangua kicheko. Dereva huyo alikuwa na mabega yaliyojaza mlango, lakini muziki ulipoanza kushuka alijifunika uso kwa gazeti na kutuomba tumsimulie.

Babu hakusema mengi. Neno lake lilikuwa "tulia", na wateja wakampa jina hilo hilo, Mzee Tulia. Lakini alikuwa akisikiliza. Muziki wa Inspekta ulikuwa na mahali ambapo ulififia, ukawa uzi mwembamba, na hapo Babu aliinua wembe kutoka shingoni mwa mteja na kuushika hewani. Kisha mlio. Mama wa duka alipiga yowe, ufagio ukaanguka, mtu wa kitini akaruka na shuka lake. Babu akangoja watu wacheke aibu yao, halafu akarudisha wembe palepale ulipokuwa. Hakuna aliyewahi kutoka na mkwaruzo kwa sababu ya Inspekta.

Jioni moja tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule. Babu alikuwa mashoto. Shuleni walimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ili ajifunze kuandika kwa ule mwingine. Alipoanza unyozi, wateja wengine walipoona wembe unatokea upande wasioutarajia waliinuka kitini na povu mashavuni, wakaenda zao.

"Nilitaka kuacha," alisema. "Basi ukaja mchezo huu. Nikamwona yule bwana anachomoa kitana kwa mkono gani? Wa kushoto. Bastola? Wa kushoto. Mtu mkubwa namna ile, na hakuna anayemwambia kitu. Nikasema, ah, kumbe tupo."

Nilikubali bila kuhakiki. Mtoto haangalii mkono, anaangalia bastola.

Miaka ikapita. Mchezo uliisha, dereva alihamia mbali, fundi viatu alifariki na mama wa duka akaenda kuishi kwa mwanawe. Mimi nilimaliza chuo nikarudi nyumbani, nikamkuta Babu amehamia kwetu kwa sababu ya magoti. Duka lilikuwa limefungwa, ila kodi yake bado ililipwa, kwani Babu alikuwa na nia ya kulifungua tena magoti yakipoa, angalau kwa wazee wenzake wachache. Mkoba wake wa nyembe ulikaa chini ya kitanda chake, na kila asubuhi alizinoa kana kwamba mtu anamsubiri.

Ndipo kituo kimoja kikatangaza kwamba kitarudia mchezo wa Inspekta, kila siku alasiri. Nyumba nzima ilifurahi. Baba alileta kiti chenye mito na kukiweka mbele ya runinga yetu mpya, ile bapa. Mama aliacha kupika. Muziki wa mwanzo ulipopigwa niliona vidole vya Babu vikicheza juu ya goti.

Inspekta alitokea, akashuka ngazi, akachomoa kitana.

Babu aliinamia mbele. "Huyu nani?"

"Inspekta, Baba," Mama alijibu.

"Siye."

"Ni yeye, Baba. Ona na kovu lake."

"Kovu liko shavu jingine. Na ngazi wamezihamisha, zilikuwa upande huu. Na Inspekta ni mashoto, mwanangu. Huyu wamembandika tu." Alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumuunga mkono. "Hamwoni?"

Baba alikohoa. Mama akasema taratibu, kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, "Sawa, Baba. Labda wamembadilisha."

Babu aliijua sauti ile. Aliomba asaidiwe kuinuka akaenda chumbani kwake, na kesho yake hakuja kutazama.

Jikoni Mama alilia juu ya sufuria. "Juzi alimwita jirani kwa jina la kaka yake. Nikasema ni uzee tu. Sasa mtu aliyemwangalia miaka na miaka hamjui tena? Akili inamtoka, jamani. Na zile nyembe anazinoa kila siku!"

"Tusikimbilie huko," Baba alisema.

"Akijikata utaniambia nini?"

Jioni hiyo Mama alimwambia mwenye nyumba kwamba tutarudisha duka mwisho wa mwezi, akauchukua mkoba wa nyembe na kuuweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Asubuhi Babu alipapasa chini ya kitanda kwa muda mrefu. Kisha akaja sebuleni.

"Mkoba wangu umehama?"

"Tumeuweka mahali pazuri, Baba."

"Kwa nani?"

Mama akaingia jikoni. Babu alikaa siku nzima mikono yake ikiwa juu ya mapaja, imelala kama vyombo vya kazi vya mtu aliyefukuzwa.

Nilitumwa mimi kwenda kufungasha vitu dukani. Nilifungua mbao zote mbili za mlango ili vumbi litoke, nikapanga mikasi kwenye boksi, nikafuta rafu. Ilipofika alasiri nilichoka, nikakaa kwenye kiti cha kunyolea na kuiwasha runinga ya zamani kwa fimbo aliyoiweka Babu kwa kazi hiyo. Ilichukua muda kupata picha. Ndani ya kioo, juu ya kichwa changu, Inspekta akashuka ngazi zake. Akasimama mbele ya mjane mmoja. Akachomoa kitana.

Kwa mkono wa kushoto.

Niligeuka. Wa kulia. Nikarudi kwenye kioo: wa kushoto, na kovu shavu lile lile alilolisema Babu, na ngazi upande ule ule. Niligeuka na kugeuka kama mtu anayetafuta nzi, kisha nikacheka peke yangu mpaka mpita njia akachungulia. Akili ya Babu haikuwa imemtoka hata chembe. Alimkumbuka Inspekta wake vizuri kuliko sisi sote. Alichokosea ni kusahau kwamba hajawahi kumwona ila ndani ya kioo. Na kwa mtu aliyeishi na kioo mbele yake namna ile, kilishakuwa kama dirisha.

Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu nilikumbuka ile jioni ya njiani. Kumbe tupo.

Nilimsimulia Mama. Alikaa chini kwenye kigoda, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Mungu wangu, na mimi nimempokonya nyembe zake." Kisha akanishika mkono. "Lakini usimwambie. Mwache na mtu wake. Nitamrudishia mkoba, yaishe."

"Mama, anajua tunamwona amechanganyikiwa. Tukimrudishia bila neno, atajua tunamhurumia."

"Na ukimwambia, utakuwa umemwondolea Inspekta."

Hilo lilikuwa kweli, nami nililala nalo. Lakini asubuhi nilipomwona akinywa chai bila kumtazama mtu, niliamua.

Alasiri, Baba na mimi tulibeba kioo cha meza ya Mama ya kujipambia na kukiegemeza ukuta wa sebule ulioelekea runinga. Niligeuza kiti cha Babu kielekee kioo.

"Mchumba, ndiyo nini hiki?" aliuliza. "Mnataka nijione nilivyozeeka?"

"Kaa tu, Babu. Tulia."

Alinitupia jicho kwa kuibiwa neno lake, akakaa. Muziki ukapigwa nyuma yake. Inspekta akaingia kwenye kioo, kovu lake mahali pake, akachomoa kitana kwa mkono wa kushoto.

"Ehee!" Babu alipiga paja. "Ndiye huyo! Si niliwaambia? Huyo ndiye mwenyewe! Yule wa juzi walimtoa wa—"

Alikitazama kioo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aligeuka kwa ajili ya runinga. Aliitazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye kioo, akaitazama tena. Hakuhitaji maelezo yangu.

"Kumbe ni wa kulia," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Siku zote."

"Siku zote."

Aliinua mkono wake wa kushoto, akauangalia kiganja na nyuma. "Basi mle dukani mashoto nilikuwa peke yangu," alisema, na sikuweza kujua kama ni huzuni au ni kitu kingine, mpaka mabega yake yalipoanza kutikisika na nikaona anacheka. Alicheka mpaka machozi. "Na mama wa ufagio hakuniambia! Anaona mapazia, mkono hauoni!"

Mama aliondoka kimya. Alirudi na mkoba, vumbi la juu ya kabati likiwa bado juu yake, akauweka mapajani pa Babu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Baba." Kisha, kwa sauti ya kawaida, ile ya kugombana naye: "Na huyu mkwe wako shingo imemjaa kama kichaka. Mtoe aibu."

Baba alishika shingo yake. "Leo leo?"

"Una miadi?" Babu alimuuliza.

Basi Baba akakalishwa kwenye stuli mbele ya kioo, taulo mabegani. Babu alisimama nyuma yake, nyonga ikiegemea mkono wa kiti ili magoti yapumzike. Alipaka povu. Alichukua wembe kwa mkono wa kushoto, akaujaribu kwenye kidole gumba, akaanza chini ya sikio. Mama alisimama kando, ameziba mdomo kwa kiganja, macho yake hayatoki kwenye wembe.

Kwenye kioo mjane alikuwa akiukaribia mlango wa stoo. Mama alianza kuangalia kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. "Asifungue," alinong'ona. "We dada, usifungue."

Muziki ulififia, ukawa uzi.

Babu aliinua wembe.

Mlio ulipolipuka Mama alipiga yowe, Baba akaruka na taulo lake, nami nikapiga kelele ingawa mchezo huo niliujua tangu utotoni. Wembe ulikuwa hewani, umetulia, mkononi mwake mwa kushoto. Alingoja tumalize kucheka.

"Tulia," alimwambia Baba, akaurudisha palepale.