Siku Niliyodai Naijua Pikipiki ya Muchiri

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano tulimzika ndugu yangu Muchiri nyumbani kwetu, karibu na Wamagana, na siku hiyo hiyo nikapoteza kitu ambacho sikuwa nimewahi kukihesabu kuwa mali, yaani watu kuniamini nikifungua mdomo. Naisimulia mwenyewe kwa sababu tayari inasimuliwa bila mimi, stejini, pale tunapongojea abiria, wanaiongezea chumvi kila asubuhi (kuna mmoja anasema nililia nikiwa juu ya pikipiki, huo ni uongo, nililia baadaye), kwa hiyo afadhali muisikie kwa yule aliyeaibika.

Muchiri alinifuata kwa kuzaliwa. Alikuwa akitibu ng'ombe kule Endarasha, na kwa kuwa njia za huko juu karibu na msitu zikinyeshewa hazipitiki, alinunua pikipiki ya porini, ile ndefu yenye tairi za meno, kutoka kwa mzungu aliyekuwa akihama Nanyuki. Sasa, tulipokuwa vijana mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kuvuta klachi kutwa nzima kulikuwa kunamuumiza, basi fundi mmoja wa Nanyuki akamwekea klachi ya otomatiki, inayojishika na kujiachia yenyewe. Hayo nilikuwa nayajua. Inavyofanya kazi sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Siku aliyokuja nayo nyumbani mara ya kwanza alishuka, akanisogezea, akasema, "Kaka, hebu jaribu." Nikamjibu kwamba pikipiki isiyovutwa klachi ni ya akina nyanya. Alicheka. Akanialika tena, na tena, hata Endarasha kwake, na kwa miaka minne nilienda mara mbili tu, zote mbili nikiwa na haraka ambayo sijui ilikuwa ya nini. Ukweli ulikuwa wivu. Mimi nabeba abiria kwa boda boda tangu nilipomaliza darasa la nane, na mdogo wangu alikuwa akiitwa daktari na watu wenye mvi. Kisha mwezi wa nne akapatwa na homa ya mapafu, na kabla sijapanga ile safari ya tatu, hakukuwa na wa kumtembelea.

Turudi kwenye mazishi. Wakati wa salamu za mwisho alitangulia kuzungumza Mwaniki, rafiki yake aliyekuwa akikaa naye nyumba moja Endarasha, na akaeleza jinsi Muchiri alivyovuka mto uliofurika akiwa ameuma mfuko wa dawa kwa meno, ng'ombe akapona na yeye Muchiri akalazwa na mafua siku tatu. Watu walicheka, Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu wiki ianze. Nami nikiwa nimekaa pale mbele kama kaka mkubwa nikajiona mgeni kwenye mazishi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja, maneno ya kawaida, ya kweli. Nilipopewa kipaza sauti niliukunja ule ukurasa nikautia mfukoni, nikasema, "Mimi na Muchiri tulikuwa kitu kimoja. Hata hiyo pikipiki yake mnayoiona hapo, naijua kila nati. Nimeipanda kuliko mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno. Kama ningekohoa badala yake, singekuwa na mkasa wa kusimulia.

Ratiba ilisema Mwaniki ataipanda ile pikipiki polepole mbele ya jeneza, kutoka kwenye hema hadi kaburini, chini ya majani chai yetu, mteremko wa kama hatua hamsini. Lakini mwendesha ratiba alikuwa binamu yetu Gathogo, mtu asiyeacha neno lipite bure, akanipokonya kipaza sauti na kutangaza: "Mmesikia wenyewe! Mwaniki, pole, kaa chini. Aliyeipanda kuliko mwenyewe ndiye atakayemtangulia!" Watu wakapiga makofi. Wenzangu wa steji, waliokuwa wamesimama kando ya ua na jaketi zao, wakapiga miluzi.

Mwaniki alinifuata hadi kwenye pikipiki, akaongea kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima. "Kaka Wahome, hii si kama ile yako. Hii kitu ya kushoto hapa..."

"Najua."

"Sawa, lakini ukisimama usije uka..."

"Mwaniki, si nimekwambia najua?"

Akainua mikono akarudi nyuma.

Wanaume sita wakabeba jeneza mabegani. Nikabonyeza kitufe, injini ikawaka. Nikavuta kikono cha kushoto, nikakanyaga gia ya kwanza, nikaanza kukiachilia kikono taratibu huku nikingoja ile dalili ambayo mwili wangu unaijua hata nikiwa usingizini, pikipiki kutaka kwenda. Haikutaka. Nikakiachilia chote. Ikabaki pale inanguruma kama fahali aliyefungwa. Nikasema moyoni gia haijaingia, nikakanyaga tena, nikavuta tena, nikaachilia tena, hakuna kitu. Nyuma yangu mmoja wa waliobeba jeneza akanong'ona, "Wahome, huyu mtu ni mzito, ujue."

Nikaongeza mafuta kidogo. Kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi.

Ile pikipiki iliruka. Sisemi iliondoka, iliruka, mimi miguu nyuma kama bendera, na badala ya kushika njia ya kaburini ikashika njia ya meza ya pasta. Kutoka kwenye ua nikasikia, "Klachi! Wahome, shika klachi!" Nami nikapaza sauti, "Nimeshika!" kwa sababu kweli nilikuwa nimekikaba kile kikono cha kushoto kwa vidole vyote, na kadiri nilivyokikaba ndivyo gurudumu la nyuma lilivyojifunga na kuteleza kwenye nyasi zilizolowa, mkia ukazunguka, na tukasimama ubavu hatua moja kutoka kwa pasta, ambaye alikuwa ameshainuka na kiti chake mkononi.

Hapa naomba mnielewe, maana ndipo akili yangu ilipoachana nami kabisa. Pikipiki zote nilizozijua maishani mwangu, ukizisimamisha zikiwa kwenye gia bila kushika klachi, injini inazima. Hii ilikuwa imesimama, nimeshaachilia kila kitu, na bado inanguruma pale chini yangu kwa upole, kama haikufanya lolote. Basi haiko kwenye gia. Mtu wa pikipiki yeyote angesema hivyo. Nikapumua. Tena baadhi ya watu walikuwa wanapiga makofi wakidhani ni mbwembwe nilizopanga.

Nasi watu wa boda boda tuna desturi yetu, tukimzika mtu aliyependa pikipiki tunangurumisha injini kwa nguvu, gia ikiwa imetolewa, ndiyo saluti yetu. Mmoja pale kwenye ua akapaza sauti, "Mpe saluti, Wahome! Mpe saluti yake!" Nikaona hiyo ndiyo njia ya kuiosha ile aibu. Nikazungusha mkono wa mafuta hadi mwisho.

Yaliyofuata nimeelezwa na wengine. Mimi nakumbuka maua tu. Mashada yalikuwa yamepangwa kwenye vyuma vyao mbele ya hema na niliyapitia yote, nikaangukia upande wa pili pikipiki ikiwa juu ya mguu wangu, na shada moja likiwa limenivaa shingoni, utepe wake umeandikwa LALA SALAMA NDUGU. Kisha shangazi yetu mmoja, ambaye hajawahi kujizuia tangu azaliwe, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Wahome, ngoja zamu yako! Leo ni ya Muchiri!"

Watu walicheka mpaka wengine wakajificha kwenye leso. Gathogo akaanzisha wimbo wa tenzi juu mno, hakuna aliyeweza kumfuata.

Mama alikuja nilipokuwa nikijikung'uta. "Umeumia?"

"Hapana, Mama."

"Basi iache hiyo kitu. Njoo umbebe ndugu yako."

Nikaizima. Nikaisukuma hadi pembeni mwa njia ya kaburini, ikitazama chini, na kwa kuwa pale ni mteremko nikafanya afanyavyo kila dereva wa boda boda anayeegesha mlimani, nikaitia gia ya kwanza ili gia iishike isibingirike, nikashusha stendi, nikaitingisha kidogo kuhakikisha. Ikatulia. Nikaenda nikampokea yule aliyelalamika uzito, nikaingiza bega langu chini ya jeneza upande wa mbele, tukaanza kuteremka.

Tulikuwa tumeipita hatua chache niliposikia stendi ikijikunja, tak. Ikatupita upande wa kulia, haina mtu, haina sauti ya injini, imenyooka wima kana kwamba kuna aliyeipanda. Ikiwa kwenye gia! Sikuelewa. Mpaka sasa nikifunga macho naiona, na nilichokuwa nafikiria wakati ule (naona aibu kukisema) ni kwamba Muchiri amekasirika. Ningeweza kuikimbilia, ilikuwa bado inaenda polepole, lakini nilikuwa na ndugu yangu begani, mtu haachi jeneza. Kwa hiyo nikaitazama tu, sote sita tukaitazama, ikiongeza kasi kandokando ya majani chai, ikapanda udongo uliolundikwa ukingoni na kuzama ndani ya kaburi.

Hata shangazi alinyamaza.

Tuliweka jeneza juu ya mabenchi. Pasta akasema, taratibu sana, "Naona itabidi tuitoe kwanza." Wenzangu wa steji wakavua jaketi. Mwaniki ndiye aliyeteremka ndani, akaifunga kwa zile kamba zilizoletwa za kumshushia Muchiri, nami nikashika kamba moja pale juu. Wakati tunavuta nikainama nikamuuliza, maana sikuweza kungoja, "Niliiacha kwenye gia, Mwaniki. Kwenye gia!"

"Kaka, klachi hii inashika ukivuta mafuta," akanijibu kutoka chini huko. "Ukiachilia mafuta inaachia. Ukizima injini ndiyo imeachia kabisa, hata uweke gia gani haishiki kitu."

"Na ule wakati iliposimama haikuzima?"

"Haizimi. Inakungoja. Iko kwenye gia, inakungoja uiambie."

"Na kikono cha kushoto?"

"Hiyo ni breki ya nyuma, haivutwi kutwa kama klachi. Alihamisha breki hapo ili mguu uwe huru kwa matope." Akakaza fundo la kamba. "Kaka, hakukuonyesha?"

Hakukuwa na ukali kwenye lile swali, ndiyo maana lilinichoma. Hilo nimejifunza na nimeliapia, sitasimama tena kwenye mazishi ya mtu nikasema jambo ambalo sikulifanya naye akiwa hai, hata kama watu wote waliotangulia wamesema vizuri kuliko mimi. Bora kukaa chini na ukurasa wako mmoja.

Pikipiki ikatoka, usukani umepinda, imejaa udongo mwekundu. Mama alikuwa amesimama ukingoni, amenitazama muda wote huo, na akaniuliza mbele ya watu wote, si kwa kunisuta, kama mtu anayetaka tu kujua mambo ya nyumbani kwake.

"Wahome, uliwahi kuipanda hiyo?"

Nilitazama watu. Nilitazama jeneza. "Hapana, Mama. Hata siku moja."

"Na Endarasha?"

"Nilienda mara mbili."

Alikuwa anahesabu kitu ambacho mimi sikukijua. "Lakini Muchiri aliniambia," akasema. "Kila akija hapa ananiambia, Mama, Wahome alikuja kwangu juzi, alikaa mpaka jioni. Ananiambia, Mama, usiwe na wasiwasi, namfundisha ile pikipiki, sasa ananishinda."

Mwaniki, aliyekuwa amepanda juu kwa ngazi, aliangalia viatu vyake, nikajua kwamba na yeye alikuwa akijua. Ndugu yangu alikuwa akidanganya kwa ajili yangu miaka minne, na mimi hata sikujiuliza Mama anapataje amani juu yetu sisi wawili.

"Basi mlinidanganya wawili," Mama akasema.

Pasta akaendelea na sala. Tulimshusha kwa zile zile kamba, zimechafuka grisi na tope. Ulipofika wakati wa familia kutupa udongo, nilibaki nyuma, kwa kuwa sikujua kama bado nina nafasi hapo. Mama aliinama, akachota udongo, akarudi hadi niliposimama, akaufungua mkono wangu na kuutia ule udongo kiganjani, kisha akasimama kando yangu, akangoja niutupe.