Njia ya Kisimani Haimo Kwenye Ubao wa Damiani

Saa mbili asubuhi, Damiani Mughwai anazamisha mpira wa baiskeli kwenye karai la maji na kusubiri mapovu. Pembeni yake, juu ya kigoda, kuna ubao wa mchezo. Mbele ya ubao amekaa Gabrieli, balozi wa nyumba kumi, kiongozi mwenye sifa njema kila mahali isipokuwa kwenye dadu.

"Sita," anatangaza Gabrieli, akiiokota dadu kabla haijatulia.

"Irudishe chini, balozi," anasema Damiani bila kuinua kichwa. "Hata mimi mwenye mikono majini nimeona mbili."

Hapa ni njia panda ya Mkiwa, mwaka 1977. Damiani, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, huziba pancha kwa shilingi moja, na siku njema huziba sita. Siku mbaya gundi huwa imekwisha dukani, na wenye baiskeli huondoka wakizikokota. Katika siku hizo mbaya ndipo alipoutengeneza mchezo wake.

Ubao ni ubavu wa sanduku la chai. Rangi ni mabaki ya kupaka fremu, ndiyo maana mashamba yote ya uwele ni mekundu. Kete ni vizibo vya soda. Dadu ni ya mti, na nukta zake zimechomwa kwa spoki ya moto.

Mchezo unaanzia kwenye lori lililowaleta watu kijiji kipya mwaka 1974, kisha unarudi nyuma, kituo kwa kituo, hadi kwenye mahame yao ya zamani. Vituo ni thelathini na vinne. Kanuni haijaandikwa popote, lakini inavunjwa kila siku: kete ikitua, mchezaji asimulie jambo lililotokea mahali pale, na mwingine aseme, "Nilikuwepo." Asipopata shahidi, anarudi kwenye lori.

"Ukipata sita na huna la kusema, sita yako kazi bure," anaeleza Damiani.

Gabrieli amerudi kwenye lori mara kumi na moja tangu mavuno. Safari ya mwisho alidai aliwahi kurina asali kifua wazi, bila moshi, na nyuki wakaishia kumsalimu. Shahidi hakupatikana, hata miongoni mwa nyuki.

Lakini si kila zamu ni ya kucheka. Siku moja mzee Alute alitua pale ng'ombe wake walipokuwa wakilamba magadi. Akawataja kwa majina, wote kumi na tisa. Mchana ukaisha, dadu ikiwa imelala, na hakuna aliyemharakisha.

Jambo moja tu lilimsumbua Damiani: wanawake hawachezi. Alidhani wana kazi nyingi.

Leo anafika Mama Magdalena, mkubwa kuliko wote waliotoka mahameni. Anaaga. Jumamosi, kesho kutwa, anahamia Misigiri kwa binti yake, Dina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Bado unatupitisha kwenye njia yako ya baiskeli?"

Damiani anaacha pampu.

"Kule ni wewe peke yako uliyekuwa na baiskeli," anasema mama. "Ulikuwa ukizunguka jiwe kubwa kukwepa mchanga. Sisi tulikata katikati, mitungi kichwani. Sasa kisima kiko wapi hapa? Nikirusha dadu nisimulie nini, kwamba nilikuona ukipita?"

Damiani anautazama ubao. Maji ya kisima kile aliyanywa miaka arobaini na tisa.

"Nionyeshe njia yenu, mama. Ukiondoka nayo, imekwenda."

Mama Magdalena anachovya kidole kwenye karai na kuchora mstari wa maji, akipita katikati ya uwele mwekundu. "Hapa tulitua mizigo. Hapa Stumai alijifungua. Mtungi wake niliushika mimi."

Upepo unaukausha mstari ukiwa bado unachorwa. Damiani anaufuata nyuma kwa brashi, haraka, huku mwenye mpira uliotoboka akiambiwa asubiri.

Karibu na kisima, kidole kinasimama.

"Chora, mama."

"Kisima hakichorwi na mmoja. Kila mtu alichotea upande wake. Waite akina Esta na Hana, tuliochota nao."

Gabrieli anarusha dadu. Kete yake inatua kwenye njia mpya, rangi ikiwa bado mbichi. Anafungua mdomo.

"Huko sikukuona," anasema Mama Magdalena.

Balozi anarudi kwenye lori mara ya kumi na mbili.

Kesho Damiani hatafungua kazi. Anataka wanawake wakae na ubao mpaka kisima kipatikane, kisha akate ubavu wa pili wa sanduku, achore ubao mwingine, mama asafiri nao Jumamosi.

Jioni anaanza kuwaita, nyumba kwa nyumba. Baiskeli yake, iliyojazwa upepo vizuri, ameiacha imeegemea ukuta.

"Nikiipanda," anasema, "nitazunguka tena."