Aliyebuni Jenereta ya Ndege

Mimi Farida nasema hivi, na atakayenuna anune: jenereta ya zile ndege ndogo zinazopiga picha za pwani ya Mnazi Bay ilibuniwa na Deolinda, fundi wa kuwaindi mota, yaani kuzisuka waya upya, pale mtaani Chuno. Nimefanya naye kazi miaka tisa. Sikuhadithiwa.

Kampuni ya ndege ndiyo iliyomfuata. Jenereta zao za kuagiza zilikuwa zinakufa kila baada ya miezi miwili, chumvi ya baharini inakula waya. Deolinda akachora yake, nyepesi, ya kufungwa kwenye injini. Waya hakuzipaka vanishi ya dukani. Alizichovya kwenye mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi, akazioka kwenye tanuri. Wazazi wake, waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, walipaka mafuta hayo kwenye nguzo za nyumba, mchwa wasile. Mikono yake ina makovu mpaka leo.

Tuliizungusha karakanani saa mia mbili, haikuzima. Ikabaki fomu ya kampuni. Ambaye jina lake lingeandikwa kwenye "mbunifu" ndiye angepewa kazi ya kutengeneza nyingine kumi na mbili.

Mhandisi wao, Anold, akaandika jina lake. Deolinda akaandikwa kibarua. Kibarua, jamani. Na michoro aliichukua kwa upole, "Mama, naenda kuinakili tu", kumbe ndiyo imekwenda jumla.

Wiki tatu baadaye karudi, jasho linamtoka. Waya alizooka yeye zilikuwa zinanata. Mchoro hausemi zikae tanurini muda gani. Deolinda huinama mlangoni mwa tanuri mpaka mvuke uache kumchoma macho, ndipo anahesabu saa moja zaidi.

Nikamkonyeza anyamaze, mtu aumbuke. Yeye akamweleza yote, tena akamrudia alipokosea kuandika. Anold hakusema hata asante.

Alipoondoka nikamgombeza. "Da Deo, una akili kweli wewe? Mtu kakuibia mchana kweupe."

"Jenereta ikizima juu ya bahari, na redio inazima," akasema. "Rubani hajaniibia kitu."

Hasira haikuniisha. Zile kumi na mbili zimetengenezwa kwingine, kila moja ina kibao chenye jina la Anold. Ndege ikipita juu ya Chuno, Deolinda huacha kazi, akatazama mpaka ipotee salama. Mimi nasonya.